Walinipandisha Cheo Wakanitoa Majini

Mwenyekiti wa chama chetu aliniita kwa jina la mwanangu, akanyoosha mkono wenye mfuko, akasema, "Mama, njoo uchukue heshima yako." Watu wakapiga makofi. Tulikuwa kwenye banda letu la kutunzia kayaki, kule chini kwenye mawe ya ufukweni, na timu inayokwenda kushindana Jinja ilikuwa inagawiwa sare. Nikaufungua mfuko nikitegemea fulana yenye namba, ile anayovaa mchezaji akiingia mtoni. Nikatoa traksuti ya bluu. Nikaigeuza. Mgongoni imeandikwa kwa herufi nyeupe, kubwa kama za kwenye lori: MATRONI.

Chini ya traksuti kulikuwa na aproni ya maua.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Ya kwako, mama," mwenyekiti akasema, bado anatabasamu. "Kamati imekaa, imeona umeshakuwa mtu mzima. Sasa utatulelea hawa wasichana kule ugenini, uwaangalizie na chakula chao. Tumekupandisha."

"Nani aliwaambia nataka kupanda?"

Wakacheka. Walidhani natania. Katika watu wote waliokuwa mle bandani hakuna aliyeona kuna kitu kimeharibika, na hicho ndicho kilichonimaliza. Wangekuwa wananichukia ningejua pa kuwashika. Hawa walikuwa wamefurahi. Walikuwa wameninyang'anya nafasi yangu kwenye timu, nafasi niliyoihangaikia tangu nimalize kidato cha nne, na walikuwa wanasubiri niseme asante.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampa mama mkwe wangu aliyekuwa amekaa mlangoni. Nikaitupa traksuti pamoja na aproni yake juu ya meza ya kamati. Aproni ikafunika sahani ya karanga ya mwenyekiti.

"Wapikie wewe," nikamwambia. "Si una mikono?"

Shikamoo nilikuwa nimeshampa asubuhi, kwa hiyo adabu ya siku hiyo nilikuwa nimeimaliza. Nikavaa helmeti, nikachukua kasia, nikaenda kushusha kayaki yangu kwenye rafu. Nilitaka niingie majini hapohapo, nipite mageti yote mbele yao, waone wanamwacha nani. Nikaiweka kayaki kwenye maji, nikaingia, nikajikuta nacheza humo ndani kama punje ya mahindi kwenye kopo. Pedi zangu hazikuwepo. Walishazibandua.

Asiyeujua mchezo huu ataona nimekasirikia vipande vya sponji, kwa hiyo ngoja nieleze. Kayaki ya mageti ni nyembamba na nyepesi, na inaongozwa kwa nyonga kuliko kwa mikono. Lazima ikubane kiunoni, la sivyo ukiinamisha mwili yenyewe inabaki ilipo. Wenye uwezo wananunua pedi za kiwandani. Sisi Mwanza tunachonga za kwetu kwa ndala. Unatafuta ndala nene zilizochakaa, unakata, unasugua kwenye jiwe mpaka zikae sawasawa na umbo lako, unabandika kwa gundi ya fundi viatu. Pedi za mtu ni za mtu, hazimwingii mwingine. Nilipojifungua nyonga zangu zilipanuka, zile za zamani zikawa zinanichuna, nikachonga upya. Nilikaa juu ya jiwe nikisugua tangu asubuhi mpaka jua likageuka, mtoto kalala pembeni kwenye beseni. Hizo ndizo walizobandua ili kumpisha msichana waliyempa nafasi yangu. Na walizibandua kabla ya kuniambia. Maana yake wakati wananipigia makofi, kayaki ilishakuwa ya mtu mwingine.

Nimezaliwa Mkuyuni, nyumba za juu kwenye mawe matupu, ambako kushuka sokoni ni raha na kupanda ni adhabu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kawaida tu, nikakaa nyumbani nikimsaidia mama kuuza dagaa. Kayaki zililetwa na wageni waliokaa kwetu miaka michache. Walipoondoka wakaziacha, na chama kikaundwa juu yake. Siku ya kwanza nilikwenda kuangalia tu, mimi na wasichana wenzangu wa mtaani. Tukakuta wanaume wazima wamevaa sketi.

Ni kweli kabisa. Mchezaji anavaa sketi ya mpira kiunoni, halafu anauvutia upindo wake kwenye mdomo wa kayaki ili maji yasiingie. Tulicheka mpaka tukashikana.

"Kaka, shumizi umesahau!" nikampigia kelele mmoja.

Huyo mmoja ndiye aliyekuja kuwa kocha wangu. Akanijibu, "Njoo uvae wewe, tuone kama utarudi umekauka."

Nikavaa. Sikurudi nimekauka. Nilipinduka siku ile mpaka masikio yakaziba, na kesho yake nikaenda tena.

Naikumbuka sketi ile kila wanaponiambia kwamba mchezo huu kwa mwanamke una wakati wake. Chama kizima wanaume wanavaa sketi na hakuna anayeona ajabu, ila aproni imepata mwenyewe.

Ziwa letu halina maporomoko. Kwa hiyo tunafunga kamba kutoka jiwe hadi jiwe, tunaning'iniza mabomba ya plastiki mawilimawili, yenye mistari ya kijani au nyekundu. Hayo ndiyo mageti. La kijani unalipita ukishuka na maji, jekundu unageuka unalipita ukipanda. Ukigusa bomba unaongezewa sekunde mbili. Ukiruka geti unaongezewa hamsini, na hapo bora ukaage. Lakini mageti yetu yako kwenye maji yasiyokwenda popote, basi kocha alikuwa anasimama juu ya jiwe na kutupigia kelele mto uko wapi. "Maji yanakusukuma kushoto! Kushoto nimesema, unalala?" Na sisi chini tunapigana na mto ambao haupo, huku wavuvi wanaopita wakituuliza kama tuko wazima.

Jinja ndipo nilipouona mto wenyewe. Maji ni haya haya ya kwetu, yanatoka ziwani humu humu, ila pale Naili inapoanza yanapata pa kuporomokea, yanachachamaa kama kitu kilichofungiwa siku nyingi. Mara ya kwanza nilipinduka kwenye geti jekundu la kwanza tu, nikachomoka kwenye kayaki, nikanywa maji ya kunitosha mwaka. Mara ya pili nilikuwa nimejifunza. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayorudi, yametulia, na ukichomeka pua ya kayaki pale kwa wakati wake mto wenyewe unakugeuza. Si kazi ya misuli. Ni kuona mapema na kutofumba macho. Nilishuka geti la kwanza hadi la mwisho bila kugusa bomba hata moja. Nikaingia fainali. Nilimaliza karibu na mkia, sitaki kudanganya, lakini niliingia, na katika chama chetu hakuna mwanamke aliyewahi kuingia kabla yangu wala baada yangu. Nilipofika chini nilikuwa nacheka peke yangu. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi, na mume wangu analijua hilo.

Mwaka uliofuata nikaolewa, nikapata mimba. Kocha akaniambia, "Uzae salama, urudi. Kayaki yako naifunika turubai." Nikamwamini.

Arobaini ilipoisha nikaanza kurudi, kwanza kidogo, halafu kila asubuhi. Mama mkwe wangu ni mtu wa ufukweni upande wa Mara, amekulia kwenye nyumba ya wavuvi, maji hayamtishi. Alikuwa anakuja na mwavuli wake, anakaa kwenye jiwe na mjukuu. Mtoto akilia, ananipungia mwavuli. Napiga kasia mpaka pale kwenye mawe, nafungua jaketi la kuokolea, nanyonyesha nikiwa nimekaa humo humo kwenye kayaki, mtoto akishiba narudi kwenye mageti. Hakuna siku nilichelewesha mazoezi ya mtu. Kocha mwenyewe alisema ninageuka vizuri kuliko kabla ya kuzaa, kwa sababu nimeacha papara. Alisema kwa mdomo wake, watu wakasikia.

Lakini huku nyuma kitu kingine kilikuwa kinaendelea. Kwanza jina langu lilikufa. Nilikuwa na jina, likipigwa kelele kutoka kwenye mawe wavuvi wote wanalisikia. Nikazaa, likawa Mama Fulani. Sawa, ndivyo tulivyo, hata mama yangu anaitwa kwa jina langu. Kanisani nikahamishwa kutoka kwaya ya vijana kwenda ya akina mama. Sikuulizwa, nilikuta kitenge cha sare kimeshakatwa. Nikashona. Kwenye msiba nikaondolewa kwenye mkeka wa wasichana, nikapewa mwiko. Nikakoroga. Mambo ya huko ni ya huko. Sikujua kwamba na majini kuna mkeka.

Ikaanza bandani. "Mama, hebu tuangalizie ule ubwabwa." "Mama, huyu binti tumbo linamsumbua, ongea naye wewe, mnaelewana." "Mama, leo usiingie, kuna upepo, una mtoto wewe." Upepo! Mimi niliyenywa Naili! Kila neno lilikuwa la upole, na kila neno lilinisogeza mbali kidogo na maji. Nikawa nanyamaza. Nilijiambia siku ya kuchagua timu itafika, wataweka saa kama kawaida, kila mtu atapita mageti, na saa haijui nani amezaa.

Saa haikuwekwa. Kamati ilikaa, ikachagua kwa mdomo.

Basi siku ile ya sare nilitoka kwenye kayaki isiyo na pedi, nguo zinachuruzika, nikarudi bandani. Kocha alikuwa anaangalia miguu yake.

"Nani kabandua?" nikamuuliza.

"Ni uamuzi wa kamati, mama."

"Nimekuuliza nani alishika kisu."

Akaficha mikono nyuma. Nikajua ni yeye. Mwenyekiti simlaumu sana kwa hilo, yeye hajawahi hata kulowa kifundo cha mguu. Lakini huyu ananijua. Huyu alinishika mkono nikiwa natapika maji.

"Wekeni saa," nikasema. "Mimi na huyo mliyemchukua. Mageti yote, sasa hivi. Akinishinda, nafunga hiyo aproni mbele yenu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, sauti ikawa ya kubembeleza mgonjwa wodini. "Mama, huyu si mtoto wako? Mama anashindana na mtoto? Ukimshinda utapata sifa gani? Akikushinda je, nyumbani kwako watakuheshimu? Sisi tunakukinga na aibu."

Msichana mwenyewe alikuwa amesimama karibu na rafu. Mimi ndiye niliyemfundisha kujiinua akipinduka. "Dada," akaniita, "mimi nataka tushindane. Nikienda Jinja hivi hivi watu watasema nimebebwa."

"Mwite mama!" mwenyekiti akamkatisha.

"Ni dada yangu, mzee. Kanipita miaka michache tu."

"Watoto wa siku hizi," akasema mjumbe mmoja wa kamati, akaanza kukung'uta karanga kwenye aproni.

Wakafunga mkutano kwa sala. Mwenyekiti ndiye aliyeomba, na humo ndani ya sala akamwomba Mungu aniondolee roho ya hasira. Wote wameinamisha vichwa. Mimi nilisimama nimemkodolea macho mpaka amina.

Mume wangu anafanya kazi kiwandani Nyakato. Aliporudi jioni nikamweleza yote, tangu mfuko mpaka sala. Akavua viatu, akafikiri.

"Si uende tu?" akasema. "Safari ni safari. Utaiona Jinja."

"Jinja nimeiona kichwa chini miguu juu. Niende kuangalia wali unavyoiva?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

"Sasa wewe unataka nifanye nini?"

"Ukasirike! Hata kidogo. Hata kwa kunisindikiza."

Mama mkwe alikuwa anamkogesha mtoto uani, akadakia bila kugeuka. "Mimi nimekaa kwenye lile jiwe na jua lote lile, mgongo umeniuma, nalea mtoto ili huyu acheze mpira wake wa majini. Leo wanamwambia akapike? Kupika si angepikia hapa hapa, na mimi nikapumzika?" Halafu akamwambia mwanawe, "Na wewe kula, usimharibie mwenzio kichwa."

Mume wangu akala. Kabla ya kulala akaniuliza, "Hivi hizo pedi unaweza kuchonga nyingine?" Nikamwambia naweza. Akatoka nje, akarudi na ndala zake za bafuni, zile nene, akaziweka mezani. Hakuomba radhi, na sikumwambia asante. Lakini nilizikata usiku ule ule.

Jumatatu nikaenda kwa afisa michezo. Kijana mpole, shati limenyooka. Nilimkuta anajua habari, maana mwenyekiti alishampigia.

"Mama, hili ni jambo la kuongea," akasema. "Mkae chini, myamalize kifamilia."

"Hatuna undugu. Ni chama cha michezo."

"Basi andika maombi. Ukileta malalamiko watakununia."

"Wameshaninunia wakiwa wanacheka."

"Maombi yanapita haraka, nakwambia kwa nia njema."

Nia njema! Nimechoshwa na nia njema kuliko matusi. Nikatoka, nikaingia steshenari ya jirani, nikawa namsomea dada wa pale huku nanyonyesha, yeye anachapa. Kila nikifika mahali panapouma anaweka "kwa heshima na taadhima". Nikamwambia afute, aache nilivyosema. Nikarudi ofisini, afisa akasoma akiwa amesimama, akakuna shingo, akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala zote mbili. Moja ni hii hapa. Majina na anwani nimeviondoa, mengine yote ni kama nilivyoyapeleka.

YAH: MALALAMIKO YA KUONDOLEWA KWENYE TIMU YA KAYAKI BILA KUSHINDANISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mchezaji wa kayaki ya mageti. Nimeiwakilisha timu ya chama Jinja mara mbili, na mara ya pili nilifika fainali. Nina mtoto mmoja anayenyonya. Nimerudi mazoezini tangu arobaini ilipoisha na kocha ni shahidi, akiulizwa.

Nalalamika kwamba kamati imechagua timu bila kuweka saa, wakati utaratibu wetu wa siku zote ni kila mchezaji kupita mageti na kupimwa. Sijashindwa na mtu yeyote. Nimeondolewa kwa sababu nimezaa, na sababu hiyo nimeambiwa mbele ya watu, tena kama sifa.

Nalalamika kwamba nimepewa kazi ya matroni ambayo sikuiomba. Siidharau kazi hiyo. Wako wanawake wanaoipenda na kuiweza, na chama kiwatafute.

Nalalamika kwamba vifaa vyangu nilivyovitengeneza kwa mikono yangu vilibanduliwa kwenye kayaki bila mimi kujulishwa.

Mchezaji aliyepewa nafasi yangu hana kosa, na naomba asiadhibiwe kwa kusema kwamba anataka kushindana. Hoja ya kamati kuwa mama hashindani na mtoto haimo kwenye sheria za mchezo huu. Nimezisoma zote.

Ninachotaka ni ofisi yako iiagize kamati iweke saa kabla timu haijaondoka, mimi na mwenzangu tupite mageti yote, na wewe mwenyewe uwepo. Akinishinda nitambebea kayaki mpaka kwenye basi. Nikimshinda nakwenda kama mchezaji, mtoto nakwenda naye, na wa kumshika huko ninaye tayari.

Timu inaondoka wiki ijayo, kwa hiyo jibu likichelewa litakuwa halina kazi. Asubuhi nakuwa majini, simu naiacha kwa mama mkwe wangu pale kwenye mawe. Akipokea yeye, mtajieni siku na saa tu, msimweleze mengine, atawajibu vibaya.